Baba, Umemuuzisha Nyanya?

Nawaandikia kutoka Baraka, ukingoni mwa ziwa Tanganyika.

Leo nataka kuwaelezea jambo lililonipata mimi mwenyewe. Wewe unayepiga gitaa, unayeimba, unayeshona au kuchonga, sikia vizuri, maana linakuhusu.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao. Ukipita hapa kwetu ukaona jina limeandikwa ubavuni mwa boti, au neno «Kinyozi» na kichwa cha kijana pembeni, pengine ni mkono wangu. Wafanyabiashara wanaokwenda Misisi kwenye zahabu nao wananiagiza: «Tunanunua zahabu», na mizani chini yake. Kazi hii inanilisha. Siisemi vibaya hata kidogo.

Lakini kuchora nilianza bila kufikiri feza. Vita vya 1996 vilipotufukuza tulivuka ziwa, tukafika kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, mkoa wa Kigoma. Huko nilichora kwa makaa juu ya vipande vya katoni: mitumbwi, milima ya Fizi, wamama sokoni. Nani angenunua? Watu walisimama tu, wakasema: «Angalia, hapa ni kwetu!» Wengine walicheka, wengine walilia. Mimi nilikuwa nafurahi.

Mwaka 2005 boti za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Sisi tulirudi mwaka uliofuata. Nyumba imeanguka, watoto wana njaa. Ndipo nikashika kazi ya vibao.

Mama yangu alipofariki, nilichora picha moja juu ya tripleksi. Mama ameinama asubuhi mapema, anatandaza ndagala kwenye mchanga, kitenge kimefungwa kiunoni, na mbele yake ng'ambo ya maji kuna milima ya Ubwari. Niliitundika ndani ya nyumba. Watoto waliiita «Nyanya».

Siku moja mfanyabiashara alikuja kuchukua kibao chake. Akaiona.

«Na ile, bei gani?»

«Ile haiuzwi, ndugu yangu.»

Akahesabu dola 60, akaziweka juu ya meza. Ndugu msomaji, asubuhi ile watoto wangu wawili walikuwa wamerudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya feza. Ungefanya nini wewe? Niliitoa kwenye msumari, nikaifunga na gazeti, nikampa.

Jioni mtoto wangu wa kike akauona msumari mtupu.

«Baba, Nyanya iko wapi?»

«Niliiuzisha ile picha, mama. Kesho mnarudi kwenye masomo.»

Akanitazama sana. «Baba, umemuuzisha nyanya?»

Nilicheka, lakini usiku sikulala. Kesho yake nikatafuta tripleksi nyingine ili nimchore tena. Kumbe! Sura iliyotoka ilikuwa ile ya vibao vya kinyozi: macho makubwa, meno meupe, rangi ya kuvuta mteja. Nikafuta. Nikarudia mara tatu. Mama hakutoka. Hapo nikahesabu: ukiondoa picha ile moja, miaka mingi nilikuwa sijachora kitu ambacho hakuna mtu aliyekiagiza. Mkono wangu ulikuwa umebaki wa wateja peke yao.

Kosa langu halikuwa kuuza. Watoto walisoma kwa feza zile, na sijutii. Kosa ni kwamba nilikuwa nimekausha kisima, halafu nikashangaa ndoo inarudi tupu.

Ninyi wa miji ya shaba mnalo jina la Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wimbo wake «Masanga» ukapita mipaka mingi. Pamoja na sifa hiyo yote, alifanya kazi katika benki Lubumbashi, na katika kampuni ya madini Kolwezi. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari kule Zambia, na mwaka 1988 alikuwa bado anasafiri na gitaa lake mpaka Afrika Kusini. Mshahara ulikuwa na mahali pake, na gitaa lilikuwa na mahali pake. Kijana, usiseme: «Nikishika kazi nyingine, kipaji changu kimekufa.» Si lazima.

Au mtazame Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga. Alichora juu ya nguo za magunia ya unga, akauzia familia za wafanyakazi kwa ajili ya nyumba zao. Picha iliyopendwa, aliirudia mara nyingi, kama mimi na vibao vyangu. Lakini moyoni alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 alikutana na mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian. Mpaka mwisho wa 1974 alikuwa amemchorea historia ya nchi nzima, picha zaidi ya 100. Leo zimehifadhiwa Amsterdam, Uholanzi. Hizo nazo aliziuza, ni kweli. Lakini zilitoka upesi namna ile kwa sababu mambo yale alikuwa ameyabeba muda mrefu, wakati anarudia picha za kuuzia chakula. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilipotea. Picha zake zinasema bado.

Sasa nawaachia yale niliyojifunza.

Kwanza, usione haya kulipwa. Fundi anastahili ujira wake. Anayekuambia «Nichoree bure, si ni mchezo tu?» mwambie rangi inanunuliwa sokoni kama unga.

Pili, weka saa ambayo haiuzwi. Yangu ni Jumamosi, tangu saa tisa mpaka jua linazama. Saa hiyo sipokei agizo, hata la rafiki.

Tatu, weka kitu kimoja kisicho na bei, na watu wa nyumba wakijue. Siku ya shida kubwa pengine utakiuza, maana mtoto ni zaidi ya picha. Lakini usikiuze kabla ya kuwauliza walio nyumbani. Mimi sikuuliza.

Na ninyi wazazi, mtoto akichora ukutani msiulize upesi: «Hiyo italeta feza gani?» Swali hilo lina siku yake. Mwacheni kwanza apende.

Ilinichukua Jumamosi nyingi. Mwishoni nilimchora mama kwa nyuma, mgongo tu, ameinama juu ya ndagala. Sura yake mkono ulikataa, lakini mgongo ule nilibebwa juu yake, siwezi kuusahau. Binti yangu alipaka rangi ya maji, akapitisha kidogo mpaka kwenye mchanga. Tuliacha vile vile.

Juzi mteja mmoja aliuliza tena: «Na ile, bei gani?»

Kabla sijafungua kinywa, binti akajibu: «Ile ni nyanya yetu.»

Mteja akachukua kibao chake, akalipa, akaenda.