Askari wa Reli wa Pennsylvania
Msafiri aondokaye Pittsburgh, Marekani, kwa gari la moshi kuelekea mashariki, huikwea milima ya Allegheny mpaka akaribiapo mji wa Altoona. Hapo reli hujipinda mfano wa kiatu cha farasi, hata abiria wa behewa la nyuma aweza kukiona kichwa cha gari ng'ambo ya bonde. Kona hiyo, iliyochimbwa na vibarua kwa sururu na sepetu, ilifunguliwa mwaka 1854.

Ndugu msomaji, njia za namna hii zilizaa askari wa namna ya pekee. Enzi zile mkuu wa usalama wa wilaya hakuwa na nguvu nje ya mipaka yake, na jimbo la Pennsylvania halikuwa na jeshi lake la polisi mpaka mwaka 1905. Mwizi aliyevunja behewa katika wilaya moja aliteremka katika nyingine, akatoweka. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1865 iliziruhusu kampuni za reli kuajiri askari. Kampuni ilipeleka majina kwa gavana, gavana akatoa hati, askari wakala kiapo na kuvaa beji. Wakawa na mamlaka sawa na polisi wa mji wa Philadelphia. Lakini mshahara ulitoka kwa kampuni.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Mwaka 1866 ruhusa hiyo ilienezwa kwa wenye migodi ya makaa na viwanda vya chuma. Askari wao waligeuka fimbo ya mwajiri: walivunja migomo, wakawatoa wachimbaji na watoto wao katika nyumba za kampuni. Mwaka 1929 mchimbaji mmoja alipigwa nao hata akafa. Mwaka 1931 Gavana Gifford Pinchot alizifuta hati za polisi hao wa migodi.

Askari wa reli walibaki. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1990 iliwapa uwezo wa kufanya kazi katika kila jimbo ambamo kampuni yao ina mali, ili kuwalinda wafanyakazi, abiria, mizigo na njia yenyewe.

Mkono ulipao mshahara ni mmoja, na mkono utoao mamlaka ni mwingine. Askari wa migodini waliusahau ule wa pili. Nao ndio uliowavua beji.