Tutembelee Butembo na Beni, siku ya mpira

Ndugu msomaji, wewe unayekaa katika kampi ya wafanyakazi wa mgodi umezoea jambo moja: kiwanja cha mpira kililetwa na kampuni. Kampuni ilisawazisha udongo, ikapanda majani, ikanunua mipira na jezi. Siku kazi ilipoanguka, kiwanja nacho kikawa pori. Huko Lubumbashi, Lupopo ilizaliwa kati ya wafanyakazi wa reli, na Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface. Reli, misioni, kampuni: mara nyingi mpira wetu una baba mwenye feza.

Mwezi huu tunakupeleka pahali ambapo baba wa namna hiyo hayupo. Twende Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, tukaone jinsi miji miwili inavyoshika mpira wake yenyewe, na ni kwa bei gani.

Tuanzie Beni. Ndege ndogo zinatua Mavivi, nje kidogo ya mji. Joto liko, vumbi iko, na kakao inaanikwa mbele ya nyumba. Asubuhi, kama mawingu yameinuka, tazama upande wa mashariki: utaona mlima Ruwenzori na teluji yake. Kisha panda gari ya kwenda Butembo. Ni kilometa 54 tu, lakini barabara inapanda mpaka masikio yanaziba. Unapita Maboya, migomba inabadilika, hewa inabadilika. Usisahau kubeba triko. Usicheke! Ni kweli Butembo iko karibu kabisa na ule mstari wa ikweta tuliochora darasani, lakini iko juu ya metre 1700, na asubuhi utakuta watu wamevaa makoti.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wenyeji ni Wanande, watu wanaojulikana Kongo yote kwa kupenda kazi na kuhesabu senti. Kahawa inatoka kwao, inavuka mpaka wa Kasindi, inapita Uganda mpaka Mombasa. Vitambaa, pikipiki na mabati vinarudi kwa njia hiyo hiyo. Serikali ilipowasahau, walijipanga wenyewe. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni toka 1966 mpaka 1997, aliwasukuma wakristu kutengeneza barabara na kujenga masomo kwa mikono yao, na mwaka 1989 mji ukapata hata chuo kikuu, kile cha Graben. Basi usishangae kusikia kwamba mpira nao unaendeshwa hivyo: mfanyabiashara mmoja anatoa jezi, mwingine anatoa gari, shabiki anatoa mia zake chache.

Jambo dogo la pembeni. Ukivuka Kasindi, watu wa upande wa pili wanasema karibu lugha moja na Wanande. Ukiwaambia «wasingya», yaani asante, wanaelewa. Lakini Waingereza waliwaachia Uganda mchezo ambao sisi hatuujui kabisa, kriketi, ule wa kupiga kipira kigumu kwa kipande cha ubao. Mwaka 2024 Uganda ilicheza hata Kombe la Dunia la mchezo huo na ikaishinda Papua New Guinea. Wabelgiji hawakutuachia kriketi. Kwetu ni mpira wa miguu, na mpira wa miguu peke yake.

Sasa ujue majina. Beni wana Capaco. Butembo wana ekipe mbili kubwa, Nyuki na Socozaki. Nyuki hauhitaji kueleza. Mwenye kuumwa nao anajua. Ekipe hizo zimefika kucheza na klabu kubwa za mashariki ya nchi katika michuano ya Linafoot. Lakini nisikudanganye: kwa mtu wa Butembo, hakuna mchezo ulio mkubwa kuliko Nyuki na Socozaki. Siku ile familia inagawanyika mezani. Baba hapa, shemeji kule. Kiwanja kikubwa cha mji kinaitwa Matokeo, na ninakiri sijasikia jina la kiwanja lililo zuri kuliko hilo. Kwa kawaida unafika mbele ya saa nane, kwa sababu mvua za alasiri hazina adabu, na mwenye kuchelewa anasimama nyuma ya watu warefu.

Lazima sasa tuzungumze juu ya Siku ya Mungu, tarehe 14 Septemba 2008.

Nyuki na Socozaki walikuwa wanacheza. Nyuki walikuwa wanashindwa. Kipa wao akaacha golo lake, akakimbia mbele, upande wa wapinzani. Makipa wanafanya hivyo duniani kote dakika za mwisho. Lakini kiwanjani neno likapita: amekuja kutupa dawa, amekuja kuwaloga! Wachezaji wakashikana. Mkubwa wa polisi akaingia kutuliza, akapigwa mawe. Polisi wakatupa gesi ya machozi. Watu wakakimbilia milango, wote pamoja, wakubwa juu ya wadogo. Watu wasiopungua 11 walikufa. Habari nyingine zilisema 13. Wengi wao walikuwa watoto wa miaka 11 mpaka 16.

Soma tena umri huo, wewe mzazi. Ni watoto wa masomo ya msingi na wa miaka ya kwanza ya sekondari. Walikuwa wametumwa na nani kupigana? Walikwenda kutazama mpira.

Magazeti ya Ulaya yaliandika habari ile na kuweka neno «ulozi» juu kabisa, kwa herufi kubwa, sawasawa na watu wanaopenda kutucheka. Tuseme kweli, jambo la dawa katika mpira halianzi Butembo na haliishii Butembo. Mwaka 2002, kule Bamako, mbele ya mchezo wa nusu-fainali ya Kombe la Afrika, polisi walimkamata Thomas N'Kono, yule kipa mkubwa wa zamani wa Kamerun aliyekuwa msaidizi wa kocha, kwa kusema alikuwa anaweka dawa katika majani ya kiwanja. Na wewe, katika kampi yako, hujasikia juu ya ekipe inayoruka ukuta juu haitaki kupita mlangoni? Juu ya yai lililozikwa nyuma ya golo? Wazee wa klabu wanatoa feza ya dawa mbele ya kutoa feza ya viatu. Kijana anacheza pekupeku, lakini mganga amelipwa. Mimi naona hiyo ni wizi, hata kama inafanywa na watu wenye heshima zao.

Hata hivyo, angalia vizuri ni kitu gani kiliua watoto wale. Hakuna aliyekufa kwa dawa ya kipa. Walikufa kwa kukosa hewa katika kusongamana, gesi nyuma, milango mbele. Na kitu hicho kinajulikana toka zamani. Tarehe 24 Mei 1964, mjini Lima katika nchi ya Peru, polisi walitupa gesi katika kiwanja, milango ikiwa imefungwa: watu 328 walikufa. Tarehe 9 Mei 2001, Accra katika Ghana, tena gesi, tena milango: 126. Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014, katika kiwanja cha Tata Raphaël, V.Club wakicheza na Mazembe: gesi, ukuta ukaanguka, watu 15. Huko Lima, Accra na Kinshasa hakuna aliyezungumza juu ya ulozi. FIFA katika sheria zake za usalama inakataza gesi ya kutawanya watu ndani ya kiwanja. Basi kijana wa komite ya klabu anayesoma ukurasa huu, mbele ya kuuliza nani ameleta dawa, hesabu milango ya kiwanja chenu. Iko mingapi? Inafunguka kuelekea nje ao ndani? Funguo ziko kwa nani wakati mchezo unaendelea? Katika kampi nyingi ninazozijua, funguo ziko kwa mtu anayekunywa pombe upande wa pili wa barabara.

Miaka kumi ilipita, na neno lingine likapita katika miji ile miwili. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola uko Mangina, karibu na Beni. Ukafika Beni mjini, ukapanda barabara ileile ya kilometa 54, ukaingia Butembo na Katwa. Kumbe wengi walikataa kuamini. Watafiti waliouliza watu wazima 961 katika Beni na Butembo mwezi wa Septemba mwaka ule walikuta mtu mmoja kati ya wanne anasema Ebola haiko. Ni uongo wa wanasiasa, walisema, ni biashara ya wageni. Na tuwe wa haki: watu wale hawakuwa wapumbavu. Toka Oktoba 2014 walikuwa wanauawa kwa mapanga katika mashamba ya Beni, na hakuna aliyekuja na magari mengi mazuri. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016, katika kartie ya Rwangoma, waliuawa watu wengi sana. Sasa ugonjwa unakuja, na magari yanajaa barabarani. Mwisho wa 2018, uchaguzi uliofanyika nchi nzima ulikatazwa kwao kwa sababu ya ugonjwa, na masoko yanaendelea kujaa kila siku. Wewe ungewaza nini?

Lakini uvumi hauna huruma hata kama una sababu. Mwezi wa Februari 2019 kituo cha kutunza wagonjwa kilichomwa Katwa, na siku tatu nyuma kile cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi katika kliniki za chuo kikuu cha Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, watu 3470 walikuwa wameugua na 2287 wamekufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Tena watoto, kama mwaka 2008.

Msimu wa mpira katika miaka ile ulikuwa wa ajabu. Njiani kati ya Beni na Butembo, abiria wote wanashuka kwenye kizuizi, wananawa mikono kwa maji yenye klori, mtu anawaelekezea kwenye paji la uso kile kipimo cha joto kinachofanana na bastola, kisha wanapanda tena. Mpira ni mchezo wa kugusana: jasho, damu ya goti, kukumbatiana baada ya bao. Watu waliambiwa wasisalimiane kwa mkono, na wakajifunza kugonganisha viwiko. Zaidi ya watu 300 000 walichanjwa. Na Ebola haijaondoka vizuri, Korona ikaingia, mwezi wa Machi 2020 mpira ukasimamishwa nchi nzima.

Na vita haikungoja zamu yake. Mei 2021 hali ya kuzingirwa ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na askari wakachukua nafasi za watawala wa raia. Mwaka 2024 mauaji yalifika mpaka upande wa Manguredjipa, kule kwenye dhahabu, ambako wasomaji wetu wengine wana ndugu. Januari 2025 Goma ilitekwa, na ofisi za jimbo zikahamia Beni. Katika hali hiyo, ekipe kutoka mji mmoja kwenda mwingine si safari ya kuimba tu. Mama anauliza saa ya kurudi. Mwenye gari anauliza kama njia imefunguka. Mwamuzi anaangalia saa, si kwa ajili ya dakika tisini, bali kwa ajili ya giza.

Utaniuliza: basi kwa nini wanaendelea? Sikiliza makelele ya kiwanja siku ya mchezo, utajibiwa. Miji hii miwili imepokea wakimbizi katika karibu kila kartie. Kijana aliyetoka kijijini bila shamba, bila masomo, bila ndugu, anapewa namba mgongoni, na alasiri moja watu wanamwita kwa jina lake. Makundi yenye silaha nayo yanamtafuta kijana huyohuyo, nayo yanampa jina. Ndiyo maana naheshimu yule mfanyabiashara anayelipa jezi kumi na nne bila kuandikwa popote.

Kama Mungu akikupa nafasi ya kufika, uliza kwanza hali ya njia, kisha nenda. Kaa karibu na mlango, hasa ukiwa na watoto. Nunua karanga na chai ya moto, maana baridi ya Butembo inaanza kabla ya filimbi ya mwisho. Mchezo ukiisha, usiulize matokeo mara moja. Uliza Butembo, halafu shuka kilometa 54 uulize Beni. Utaambiwa juu ya michezo miwili tofauti, kila mmoja na mwamuzi wake mwizi.