Lake Geneva, mji uliomzaa refa wa majoka

Ukisikia Geneva usikimbilie Uswisi. Hii ya leo iko Marekani, jimbo la Wisconsin, kama kilomita 130 kutoka Chicago ukielekea kaskazini-magharibi. Ni kamji ka watu elfu nane na ushei, kamelala kando ya ziwa, na wenye chapaa wa Chicago wamekuwa wakienda kupunga upepo huko tangu enzi za babu zao. Majumba yao yamejipanga ufukweni kama yanasubiri kupigwa picha. Kuna njia ya miguu inayozunguka ziwa zima, kilomita 34 hivi, inapita mbele kabisa ya varanda za matajiri na hakuna wa kukufukuza. Kiangazi utaona boti ya posta: kijana anaruka gatini na barua mkononi huku boti inatembea, anaitumbukiza sandukuni, halafu anatimua mbio kuidaka tena. Akichelewa ni kuogelea tu. Watu wanalipa nauli kwenda kuangalia vituko hivyo!

Lakini wapo wageni ambao ziwa hawana habari nalo. Wao wanakata mitaa ya ndani hadi Center Street, nyumba namba 330, nyumba ya kawaida tu. Wanaitazama kama vile ni kaburi la shekhe mkubwa. (Ukienda na wewe piga picha ukiwa barabarani, ndiyo adabu.) Kisa? Chini ya nyumba ile kuna chumba, na chumba kile ndicho kilikuwa kijiwe cha Gary Gygax.

Gygax alikuwa mtu wa bima, kazi yake Chicago. Mwaka 1970 kibarua kikaota nyasi. Ana mke, ana watoto watano. Akajifunza kutengeneza viatu, na jioni akaendelea na ugonjwa wake wa siku nyingi: kupanga vita vya mezani na washikaji. Mwishoni mwa 1972 akaja mgeni kutoka Minnesota, zaidi ya kilomita 500, jina lake Dave Arneson. Arneson alikuja na mchezo wake aliouita Blackmoor. Gygax akaucheza usiku mmoja, akashikwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Hakuna ubao wa lazima kama bao au drafti. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi: mmoja shujaa wa upanga, mwingine mchawi, mwingine mwizi. Mtu mmoja hana upande. Huyo ndiye anayeijua ramani, ameificha, na ndiye anayesema: mko mbele ya mlango wa chuma, ndani mnasikia kitu kinapumua. Mnafanya nini? Wao wanajibu, kila mtu na lake. Jambo likiwa na mashaka, dadu inarushwa.

Leo wanamwita kwa majina makubwa makubwa, ila vitabu vya kwanza vya Dungeons & Dragons, vya mwaka 1974, vilimwita refa tu. Mimi naona lile jina la zamani ndilo lilimfaa. Si ni kweli? Refa hafungi goli. Mazimwi yote ni yake, majoka yake, mitego yake. Akitaka kuwaua wachezaji wote dakika ya tano anaweza. Sasa ushindi gani huo? Bibi aliyesema "Paukwa" halafu akamaliza hadithi peke yake bila kusubiri "Pakawa" angebaki na wajukuu waliolala. Kazi ya refa ni kuuliza swali, kisha kunyamaza na kusikiliza. Na akisikia jibu ambalo hakuliota kabisa, asiwarudishe watu kwa nguvu kwenye njia aliyoichora jana usiku. Hapo ndipo marefa wengi wapya wanapoharibu: wameandika kurasa ishirini, wachezaji wamegeukia kushoto.

Gygax mwenyewe alijaribu kwanza kwa watoto wake wawili, akiwapeleka kwenye mahandaki ya ngome aliyoiita Greyhawk. Habari zikaenea. Ikafika siku wachezaji wanabanana kama ishirini mle chumbani, refa mmoja, na kila mtu anataka kusikilizwa. Ikabidi kijana mmoja wa pale mtaani, Rob Kuntz, awe refa mwenzake. Wachezaji nao wakawa sugu. Basi mwaka 1975 Gygax akatengeneza kaburi la mitego mitupu, Tomb of Horrors, kuwanyoosha wale waliojiona wajanja. Lina sifa mpaka kesho. Lakini refa mgeni asiige hilo, atavunja kijiwe siku moja.

Fedha zilikuja kwa shida. Rafiki wa utotoni, Don Kaye, alikopa dola 1,000 kwa dhamana ya bima yake ya maisha, wakafungua kampuni, TSR, mwaka 1973. Nakala 1,000 za kwanza zilipangwa kwenye maboksi kwa mikono na kuuzwa dola 10. Kaye akafariki Januari 1975, moyo, akiwa na miaka 36, utajiri hakuuonja. Arneson alikwenda mahakamani 1979 kudai haki yake, wakamalizana 1981. Gygax naye akapokonywa usukani wa kampuni 1985. Mwaka 1997 TSR ikanunuliwa, ofisi zikahamia upande wa Seattle, na Lake Geneva ikabaki na ziwa lake.

Gygax alifia hapohapo Machi 2008. Siku ya mazishi waombolezaji hawakutawanyika; walikaa mezani wakacheza. Kutokana na kikao kile, tangu 2009 kuna mkutano wa Gary Con kila Machi, na siku hizi unafanyika kwenye hoteli ya Grand Geneva, ambayo zamani ilikuwa klabu ya Playboy (haya, tusicheke). Kinachovutia ni kwamba unaweza kuketi meza moja na watu usiowajua kabisa, wengine wazee waliocheza tangu miaka ya sabini, na baada ya saa moja mnaokoana roho.

Meza nzuri hujaa haraka, jiandikishe mapema. Machi ya kule bado baridi inang'ata, koti usilisahau. Dadu usihangaike kubeba, zinauzwa palepale za kila rangi. Zile za mwanzo ziliagizwa kwa wauza vifaa vya shule California, na ile ya pande 20 haikuwa hata na namba 20: iliandikwa 0 hadi 9 mara mbili, ikabidi wachezaji wenyewe wapake rangi nusu ya namba ili wajue ipi ni 7 na ipi ni 17.