Bendi za Morogoro na Karatasi ya Kutia Sahihi

Wewe unayekaa Matombo, Mlali au Kilosa, huenda babu yako aliwahi kucheza dansi mjini Morogoro. Muulize. Atakutajia bendi mbili: Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Kila moja ilikuwa na wapenzi wake.

Kwa nini muziki ulistawi Morogoro? Mimi ni bwana shamba, basi naanza na mashamba. Kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Wafanyakazi walitoka mikoa mingi, nao walipata mshahara. Reli na barabara kuu zilipita mjini. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, lakini wimbo wa Kiswahili waliuelewa wote.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Cuban Marimba ilikuwa bendi ya Salum Abdallah. Yeye alipenda santuri za muziki wa Cuba, ndiyo asili ya jina hilo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi. Huku Morogoro Jazz akavuma Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa la solo. Mwaka 1970 walikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka alianzisha bendi yake, Super Volcano. Naye alifariki kwa ajali ya gari, huko Kenya, mwaka 1979. Nyimbo zake bado zinapigwa. Mimi napenda jinsi gitaa lake linavyojibizana na sauti yake, kama watu wawili wanaolima tuta moja.

Siku zile Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, au zilisafiri mpaka Nairobi. Leo simu inatosha. Hapo ndipo penye hatari.

Katika kijiji kimoja ninachohudumia, vijana sita wana magitaa mawili na ngoma. Mwimbaji wao ni msichana, na sauti anayo. Mwaka jana alikuja mfanyabiashara. Akarekodi nyimbo zao nane, akawapa nauli na soda. Kisha akatoa karatasi, wakatia sahihi. Karatasi ilisema nyimbo zote ni mali yake. Wanne kati yao wanajua kusoma vizuri. Waliona haya kumsubirisha mgeni! Mgeni huyo huyo angekuja kununua mahindi, wangekagua mzani mara tatu.

Sasa nyimbo zinauzwa stendi, na wao wanazisikia ndani ya basi walilolipia nauli.

Ndugu msomaji, wimbo ni mali. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Mtunzi analindwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisi inayohusika inaitwa COSOTA. Lakini ukiuza haki yako kwa sahihi, kuirudisha ni kazi ngumu. Ukiletewa karatasi, isome mpaka mwisho. Usipoelewa neno, uliza. Omba kulala nayo siku moja. Dai nakala yako.

Vijana wale hawakuacha muziki. Wametunga nyimbo nyingine. Msichana anaandika maneno ya kila wimbo katika daftari, pamoja na jina la mtunzi na tarehe. Juzi nilipopita kukagua mihogo, alikuwa amefika wimbo wa 11.