Nazareth ya Marekani, Mji wa Magitaa ya Kale

Nazareti tunayoijua sote ni ile ya Galilaya, alikofanya kazi Mtakatifu Yosefu seremala. Lakini Marekani nako iko Nazareth nyingine, nayo pia ni mji wa maseremala. Imo katika jimbo la Pennsylvania, kiasi cha kilomita 120 magharibi ya New York. Msafiri akipanda motokaa asubuhi huwasili kwa muda wa saa mbili hivi. Karibu nayo uko mji wa Bethlehem. Majina hayo yaliletwa na Wakristo wa Kimoravian, walioanza kujenga huko mwaka 1740. Ni wa madhehebu yale yale ambayo wamisionari wake walifika Rungwe, kusini ya Tanzania, mwaka 1891.

Wageni wengi huenda Nazareth kwa ajili ya magitaa ya Martin. Na mtu aliyeachiwa na baba yake gitaa la kale la Martin, kisha akashikwa na shida hata hana budi kuliuza, habari za mji huu zaweza kumwokoa asipunjwe.

Mwana wa seremala

Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen, Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala, naye kijana akajifunza kazi ya magitaa mjini Vienna. Kwao kulikuwa na ugomvi: chama cha mafundi wa fidla kilidai kwamba maseremala hawana ruhusa ya kutengeneza magitaa. Basi mwaka 1833 Martin akachukua jamaa yake akavuka bahari mpaka New York, na mwaka 1839 akahamia Nazareth. Hata leo kiwanda ni mali ya ukoo wake.

Jengo la kiwanda cha zamani, lililoanza mwaka 1859, lingali limesimama. Kiwanda kipya kilijengwa mwaka 1964, na humo yamo makumbusho ya magitaa ya kale. Mbao nyembamba hupindwa kwa moto ziwe mbavu za gitaa. Nyuma ya ubao wa mbele hubandikwa vijiti vilivyopishana kama msalaba wa Mtakatifu Andrea. Vijiti hivyo huuzuia ubao usivunjwe na nguvu za nyuzi, lakini huuacha utetemeke na kutoa sauti.

Namba iliyo tumboni

Mwenye gitaa na achungulie katika tundu lake, pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Ataona namba iliyogongwa katika mti. Desturi ya namba hizo ilianza mwaka 1898, na orodha ya namba na miaka yake iko wazi kwa kila mtu.

Mwaka ni kitu kikubwa. Magitaa ya aina ya D-45 yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1933 na 1942 yalikuwa 91 tu, na leo moja huweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Gitaa la miaka ya 1970, lenye jina lilo hilo, halikaribii bei hiyo. Asiyeisoma namba aweza kuuza shamba kwa bei ya jembe.

Usikwangue uzee wake

Wengine wakitaka kuuza hukwangua vanishi ya kale, wakapaka mpya, ili gitaa ling'ae. Kumbe wamejitia hasara! Gitaa lililopakwa upya huweza kupoteza hata nusu ya thamani yake. Alama za vidole vya mzee zilizochimba mti si aibu, ni ushahidi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sanduku lake la zamani, risiti, na picha ya mzee akilipiga, vyote na vitunzwe, maana mnunuzi hupenda kujua gitaa lilikotoka.

Halafu kuna njia ya kuuza. Mwenye duka hutoa fedha papo hapo, lakini mara nyingi ni nusu tu ya bei atakayoliuzia, au zaidi kidogo. Naye ana kodi ya kulipa. Ukimwachia aliuze kwa niaba yako, waweza kungoja miezi, kisha atakata ujira wake; lakini huenda ukapata zaidi. Mnada nao una ada zake. Uliza wajuzi wawili watatu, wala usimwachie anayetaka kununua kazi ya kukisia bei. Haraka haraka haina baraka.

Tena, tazama mti wenyewe. Mpaka mwaka 1969 magitaa mengi bora ya Martin yalipewa mgongo wa mti wa Brazili ulio jamii moja na mpingo wetu. Mti huo ulikatwa mno, na tangu mwaka 1992 mapatano ya mataifa yanakataza kuuuza toka nchi hata nchi bila hati maalumu. Gitaa la mti huo likisafirishwa kwa mnunuzi wa ng'ambo bila hati laweza kukamatwa forodhani. Nasi wenye mpingo tuyafikiri hayo.

Fedha itafanya kazi gani?

Kuuza gitaa la mzee si kumsahau mzee. Eric Clapton, mpigaji mashuhuri wa Uingereza, alikuwa na Martin ya mwaka 1939, aliyoipiga mwaka 1992 mbele ya televisheni. Tarehe 24 Juni 2004 iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola 791,500. Fedha zilikwenda kusaidia nyumba aliyoianzisha kisiwani Antigua ya kuwatibu watu waliotekwa na pombe na madawa ya kulevya. Yeye mwenyewe alipata kuwa mtumwa wa vitu hivyo.

Basi anayeuza na ajue kwanza fedha ile itafanya kazi gani: karo ya mtoto, au dawa ya mama. Na kabla hajalitoa mlangoni, aandike katika daftari ya nyumbani namba yake, mwaka wake, na jina la yule aliyelinunua mara ya kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wajukuu watauliza.