Mgeni Apelekwe Wapi Tunduma?

Tunduma ni mji unaojua kumpokea mtu na kumuaga siku hiyohiyo. Anayetoka Dar es Salaam yuko njiani kwenda Lusaka, Ndola au Lubumbashi. Anayetoka huko anaiwazia bandari. Malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, mawakala wa forodha wanakimbizana na nyaraka, wabadili fedha wanahesabu kwacha na shilingi, na mama lishe wanajua ni saa ngapi madereva watashuka na njaa. Hata kile kituo cha huduma za pamoja mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais wa nchi zote mbili, kilijengwa ili mtu apite upesi zaidi. Nasi wakazi tumezoea kuupima mji kwa kipimo hicho: siku njema ni siku ambayo foleni imetembea.

Ndiyo maana mgeni anayebaki hutupa shida. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ni dereva wa lori. Alikwama hapa mwisho wa wiki akisubiri nyaraka za mzigo. Lori lilikuwa kwenye maegesho, utingo analilinda. Usiku, baada ya kula, akauliza, "Shemeji, huku kwenu watu hutembelea wapi?" Nikamwambia alale mapema, tutaondoka asubuhi.

Barabara kuu ya kurudi upande wa Mbeya inapita Mpemba, kisha Vwawa, makao makuu ya mkoa tangu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Huku na huku ni mahindi na kahawa. Ndani ya wilaya ya Mbozi unaiacha barabara kuu na kushika njia ya vijijini hadi Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Hapo ndipo kilipo Kimondo cha Mbozi.

Kina urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Kimondo cha Hoba kule Namibia, chenye tani 60 hivi, kinakizidi mbali, lakini duniani kote vimondo vikubwa namna hii ni vya kuhesabika. Mwili wake ni mweusi, umejaa vishimo vidogovidogo kana kwamba mfinyanzi alipita akiubonyeza kwa dole gumba. Vitabu vinaandika kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Mimi kauli hiyo siipendi. Wenyeji wa Mbozi walikuwa wakikijua kabla mpimaji huyo hajafika. Alichofanya yeye ni kukiingiza kwenye karatasi za wakubwa. Wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa. Wakachimba handaki kukizunguka, wakaacha nguzo ya ardhi chini yake, kisha nguzo ile ikaimarishwa. Kwa hiyo leo unakiona kimeinuka juu ya msingi wake, ingawa hakijasogezwa kutoka pale kilipotua. Mwaka 1967 serikali ilikiweka chini ya ulinzi wa sheria, na siku hizi kinatunzwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Shemeji alikizunguka mara kadhaa. Akasimama mahali palipokatwa na watu waliotaka vipande vya kupima maabara, akauliza shimo la kuanguka kwake liko wapi. Halipo. Mvua na mmomonyoko vimelifuta, ishara kwamba kilianguka zamani mno. Akauliza kwa nini chuma hiki ni tofauti na cha kiwandani. Hapo ndipo raha ya kumtembeza mtu inapoanza, maana inabidi ukusanye yote uliyowahi kusikia na kuyapanga. Nikamweleza kwamba chuma cha vimondo vya namna hii kilipoa angani taratibu kupita kiasi, kwa mamilioni ya miaka, na upoaji huo ndio unaochora ndani yake mistari ya fuwele inayopishana; hakuna tanuru la binadamu linaloweza kuigiza mwendo huo. Alifikiri kidogo, akasema, "Nabeba shaba ya Kongo miaka yote hii. Sijawahi kusimama mbele ya chuma ambacho hakiendi popote."

Maneno yake yamekaa nami. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na tumezoea kuielewa methali hiyo kwa upande wa chungu: mgeni akija, kuku huchinjwa na wenyeji nao hula vizuri. Siku ile niliiona kwa upande mwingine. Mgeni humponya mwenyeji na ugonjwa wa kupita. Mimi na jirani zangu tunapita Mbozi tukienda Mbeya hospitalini, kwenye misiba, kwenye maduka ya jumla, na macho yetu yako mbele. Anapokuja mtu akauliza, "Na kile pale ni nini?", unalazimika kusimama. Kumbe uenyeji hauthibitishwi na kuzaliwa mahali au kuwa na kiwanja peke yake. Unathibitishwa pia na uwezo wa kumshika mtu mkono na kumwonyesha.

Na cha kuonyesha kipo. Kuna mito miwili iitwayo Songwe katika nyanda hizi, mmoja ukiteremka kaskazini hadi Ziwa Rukwa, mwingine ukienda Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi huko Ileje. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, inapita Vwawa na Tunduma katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Katika bonde la Rukwa na Songwe wataalamu wamechimbua mifupa ya wanyama wakubwa waliotoweka zamani za kale, na kuwapa majina yetu: Shingopana mwaka 2017, Mnyamawamtuka mwaka 2019.

Lakini linalonisisimua kuliko yote ni Ivuna. Ni sehemu ya wilaya ya Momba, chini bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Watu wamechemsha chumvi pale kwa karne nyingi. Wanaakiolojia waliopachimba miaka ya 1960 walikuta dalili za kazi hiyo tangu karne ya 13 hivi. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo kingine. Hakikuwa chuma. Kilikuwa cheusi, chenye kukatika upesi, na vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Ukikiweka kando ya kile cha Ndolezi, mtoto atakicheka. Hata hivyo wanasayansi wamelitaja kundi zima la vimondo kwa herufi ya kwanza ya Ivuna, kwa sababu viambato vyake, ukiondoa gesi, vinakaribiana mno na vile vya Jua lenyewe. Ni mabaki ya kile kilichokuwepo kabla sayari hazijaumbika. Wajapani walipotuma chombo chao Hayabusa2 kwenye kiasteroidi Ryugu na kurudisha mchanga wake Desemba 2020, waliupima wakakuta unafanana na vimondo vya kundi la Ivuna. Kipande kimoja cha Ivuna kimehifadhiwa London, katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe na asili. Mtoto wa London anaweza kulisikia jina la Ivuna kabla ya mtoto wa Tunduma, aliye mkoa mmoja nayo.

Siwalaumu Waingereza kwa hilo. Nawaonea wivu wa heri. Wana mkoa wao wa pwani uitwao Dorset, ambako familia hutoka siku ya mapumziko na watoto, wakatembea ufukweni kutafuta mawe yenye alama za viumbe wa kale. Katika mji mdogo wa Lyme Regis aliishi Mary Anning, aliyezaliwa mwaka 1799, binti wa seremala maskini. Familia yake iliokota mawe hayo kwenye magenge na kuyauza kwa wageni ili ipate kula. Alikuwa msichana mdogo walipofukua mifupa ya mnyama mkubwa wa baharini, na baadaye wasomi walimfuata yeye kujifunza. Leo makumbusho ya mji yamesimama mahali ilipokuwa nyumba yao, na mwaka 2001 pwani hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mambo yote hayo yalianzia kwa watu wa kawaida waliokwenda kutazama magenge yao wenyewe, hata kama walionunua mawe yao walikuwa wageni.

Sisi siku ya mapumziko tunaiogopa kidogo. Mjini kwetu, mtu asipofungua duka huulizwa kama anaumwa. Naelewa: fedha ya mpakani huja na kuondoka, na aliyelala hakuiona. Lakini nimewatazama vijana waliokulia kando ya foleni ile, wanaojua bei ya kila kitu kwa sarafu mbili, na naona wanaihesabu Tunduma kama kituo cha basi, mahali pa kusubiria maisha yaliyo kwingine. Mtoto hawezi kupapenda mahali ambapo hajawahi kupelekwa kwa furaha. Kumpeleka shuleni, dukani na sokoni hakutoshi. Lazima iwepo siku moja ambayo amepanda gari pamoja na wazazi, amebeba chakula, na lengo la safari ni kuona tu.

Shemeji alivuka mpaka na mzigo wake. Alipofika Zambia alinipigia simu, akasema atawaleta wanawe likizo ya Juni, wakione kimondo wakalale kwetu. Nimemjibu kwamba Ndolezi itakuwa ya siku ya kwanza. Siku ya pili tutateremka bondeni kupitia Kamsamba hadi Ivuna, maana Juni mvua zimekwisha na njia za bondeni zinapitika. Kabla ya hapo nina kazi ya kufanya. Mtoto aliyekuwa na miaka saba kimondo cha Ivuna kilipoanguka sasa amevuka miaka 90. Kama bado yupo mzee huko anayekumbuka mlio wake, au aliyesimuliwa na mama yake, nataka kumpata mapema, nimwombe awasimulie watoto hao kwa mdomo wake. Nimeshaanza kuwauliza madereva wa magari yanayoleta chumvi na samaki kutoka bondeni, na mmoja ameahidi kuniulizia kwa bibi yake.