Poděbrady, mji wa moyo

Mtajie Mcheki jina la Poděbrady, naye atakujibu kama alivyokuwa akijibu babu yake: wenye moyo waende Poděbrady. Lilikuwa tangazo, likaingia vinywani mwa watu, likakaa. Mimi nililisikia kabla sijaweza kuagiza mkate kwa Kicheki, kwa kuwa katika mji huo mdogo kando ya mto Labe, kilomita 50 hivi mashariki ya Praha, ndiko tulikopelekwa vijana wa kigeni kujifunza lugha kabla ya kugawanywa vyuoni. Ilikuwa Septemba 1982. Nilitoka Tanga na barua ya ufadhili na sweta la kuazima. Nilitarajia darasa na baridi. Nilivikuta vyote ndani ya kasri la mfalme, na chini ya madirisha yetu, tangu asubuhi hadi jua kuzama, walipita watu wazima kwa mamia wakitembea polepole mno, wala hapakuwa na wa kuwaharakisha.

Kasri lina historia ndefu kuliko maji. Jiří wa Poděbrady, aliyetawala Bohemia kuanzia 1458 hadi 1471, ndiye aliyewapelekea watawala wenzake wa Ulaya mwaka 1464 mpango wa kuacha kupigana na kumaliza ugomvi wao barazani. Sanamu yake juu ya farasi imesimama uwanjani tangu 1896. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikafunguliwa humo shule ya bweni iliyopokea pia yatima wa vita. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel alisoma pale. Mwongozaji wa filamu Miloš Forman naye, ambaye wazazi wake waliangamia katika kambi za Wanazi, alisoma pale. Sisi hatukuambiwa. Tulipokuwa tukikariri vitenzi kati ya kuta zilezile, Havel alikuwa kifungoni na Forman alikuwa amekwisha hamia Marekani. Majina yao hayakutajwa mbele ya wageni, na nadhani hata wenyewe kwa wenyewe waliyataja kwa uangalifu.

Habari za chemchemi, hizo tulipewa mapema na kwa fahari. Mwaka 1905 mwenye kasri, mwana wa ukoo wa kifalme wa Hohenlohe, alikuwa na mgeni kutoka Ujerumani aitwaye Bülow, aliyesifika kwa kutafuta maji kwa kijiti cha panda. Bülow akazunguka ua, akafika mahali akasema chimbeni hapa. Wakachimba. Tarehe 1 Agosti, kwenye kina cha mita 96.7, maji yakaruka yenyewe: ya baridi, yenye chumvichumvi na chuma, yamejaa gesi. Mimi ni mhandisi wa maji na siamini vijiti. Naamini miamba. Chini ya Poděbrady gesi ya kaboni dayoksaidi hupanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa, ikakutana na maji yaliyobanwa chini ya tabaka za mawe yasiyopitisha. Ukitoboa tundu, gesi huyasukuma maji juu bila pampu. Ndiyo maana visima vingine vilivyochimbwa mjini baada ya hapo navyo vilitoa maji hayo. Lakini heshima ya Bülow simnyang'anyi, maana bila yeye hakuna ambaye angechimba mita karibu mia katika ua wa kasri mwaka ule.

Mwaka 1908 wageni wa kwanza wa tiba walikuwa wameanza kuja, na mwaka 1926 daktari wa moyo, Profesa Václav Libenský, akaupa mji kazi yake halisi: pawe mahali pa kutibu moyo, mahali pa kwanza pa namna hiyo nchini. Nimelizingatia sana jambo hili. Miji ya chemchemi ya Bohemia inayojulikana duniani ni mingine. Karlovy Vary ilipewa hati ya mji mwaka 1370; maji ya chemchemi yake kubwa, Vřídlo, yana zaidi ya nyuzi 70; Goethe alikwenda huko mara 13, na Karl Marx naye alikwenda kutafuta nafuu. Mariánské Lázně ilimpokea mfalme Edward wa Saba wa Uingereza. Miji hiyo miwili, pamoja na Františkovy Lázně, imo katika orodha ya UNESCO ya mwaka 2021 ya miji mikuu 11 ya chemchemi barani Ulaya. Poděbrady haimo. Haina milima, haina maji ya moto, wala wafalme waliokuja kuonana bustanini. Ni mji wa tambarare, na kwa mgonjwa wa moyo tambarare ni neema: anatoka kitandani, anatembea hadi stesheni ya treni na kurudi chini ya miti, hapandi hata kilima kimoja.

Niliyaeleza haya yote katika barua kwa mama. Alikuwa akiuza vitumbua Ngamiani, Tanga, na kila siku aliamka saa tisa usiku kuchapa unga. Nilimwandikia kwamba hapa wagonjwa wanakaa hadi mwezi mzima, wanapewa chumba, chakula na daktari, mchana wanasikiliza bendi bustanini, na mshahara hausimami. Nilidhani atafurahi. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, kwa mwandiko wa jirani aliyemwandikia: "Mwanangu, nimesoma ya wagonjwa wako. Hao wanawake wanaosikiliza bendi, nani anawapikia watoto wao?"

Sikuwa na jibu, ila nilikuwa na mtu wa kumwuliza. Bustanini kulikuwa na bomba la chemchemi lililokuwa wazi kwa kila apitaye, na kila jioni nilikwenda na kikombe changu. Maji yale unayazoea taratibu. Mwanzoni chuma kinakaa ulimini mpaka usiku. Pale alikuwako mama mmoja, mfumaji wa kiwanda cha nguo huko Náchod, mwenye valvu mbovu tangu utotoni. Alikuwa akinisahihisha matamshi, hasa ile sauti ya Kicheki ambayo hata watoto wao wanachelewa kuipata, akinirudisha mpaka ulimi wangu ukachoka. Nikamwuliza swali la Ngamiani. Akacheka, kisha akajibu hasa: watoto wako kwa dada yake, mchana wanakula shuleni, na mume wake itambidi ajifunze kukaanga mayai. Chama cha wafanyakazi kimemletea hati, daktari wa kiwanda ametia sahihi. Nafasi yake kwenye mashine inamngoja. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, na nikaelewa kwamba kwake si bahati wala hisani.

Sitaki kuupaka rangi ukweli wa siku zile. Hati za chama ziliwafikia upesi zaidi wenye kujuana. Nyumba nyingi za wageni zilikuwa za kijivu, rangi imebanduka. Na dola iliyomlipia mfumaji yule ndiyo hiyohiyo iliyomfunga Havel kwa maneno aliyoandika. Mambo hayo mawili yalikuwa ya kweli kwa wakati mmoja, na mpaka leo watu wa huko wanapozungumzia enzi ile huchagua moja wakaliacha lingine.

Nilimaliza masomo, nikaoa, nikapata kazi ya maji Hradec Králové. Treni ya kwenda Praha inapita Poděbrady, na kituo kinaangalia bustani moja kwa moja, kwa hiyo mabadiliko niliyaona kwa vipande, dirishani, mwaka hadi mwaka. Novemba 1989 ikaja, utawala wa Kikomunisti ukaanguka, na kabla mwaka haujaisha Havel, mwanafunzi wa zamani wa kasri, alikuwa rais. Vyama vya wafanyakazi vya zamani vikavunjwa na hati zake zikafa navyo. Mwaka 1993 nchi ikawa mbili. Nyumba za tiba zikapata wenyewe, kisha zikapata rangi: njano, waridi, nyeupe, mpaka mji ukawa na sura ambayo wazee walisema ndiyo ya kabla ya vita. Menyu zikaandikwa Kijerumani na Kirusi. Siku za Ijumaa zilianza kushuka kituoni jozi za vijana wenye mikoba midogo, wamekuja kukandwa na kulala usiku mbili tatu. Hawana ugonjwa wowote, na sioni ubaya wao kuja. Fedha zao ndizo zilizotengeneza paa.

Kilichonishangaza ni kwamba mgonjwa wa kawaida hakutoweka. Nchini Ucheki bima ya afya ya lazima iliendelea kulipia tiba ya chemchemi, na daktari bado anaweza kuiandika kama anavyoandika dawa. Kuna namna mbili. Katika ya kwanza bima inalipa kila kitu, pamoja na kitanda na chakula. Katika ya pili inalipa tiba peke yake, na kulala na kula unajilipia. Mwaka 2012 serikali ikafupisha muda na kubana masharti, na miji ya chemchemi kote nchini ikakosa wagonjwa kwa ghafla. Wauguzi wakapunguzwa, vyumba vikafungwa. Mwaka 2015 sheria ikarekebishwa na wagonjwa wakarudi. Watu waliandika magazetini juu ya jambo hili kwa hasira ambayo nchi nyingine wangeiweka kwa bei ya mkate.

Kisha zamu ikawa yangu. Mshipa wa moyo uliziba, nikawekewa stenti, na daktari akajaza fomu. Nilifika Poděbrady na sanduku, safari hii si kasrini. Muuguzi aliponipeleka kwenye bafu nilikuwa tayari kuona mbwembwe tupu, maana nusu ya rafiki zangu wahandisi husema tiba hii ni kupumzika tu. Maji yalikuwa ya nyuzi 33 au 34, chini ya joto la mwili, na yalipaswa kunipa baridi. Vipovu vikanifunika ngozi yote, na baada ya dakika chache nikahisi joto likipanda kutoka miguuni. Gesi hupenya ngozi, mishipa midogo inapanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu, shinikizo linashuka na moyo unapata nafuu. Nilipotoka ngozi ilikuwa na joto mpaka mstari wa maji, na juu yake baridi. Siku nyingine wanakuvika mfuko wa plastiki unaofungwa chini ya makwapa, wanaujaza gesi bila maji, na wanakuhimiza usiivute puani. Tiba hii haifungui mshipa ulioziba. Hiyo ni kazi ya hospitali. Lakini baada ya wiki mbili nilikuwa nikitembea umbali ambao nyumbani niliuogopa, nikiwa na watu wengine wenye hofu ileile, na daktari akipima kila asubuhi.

Humo ndimo nilimomkumbuka sana mama. Shinikizo lake la damu liligunduliwa amekwisha chelewa, na kiharusi kilimchukua bado akiuza vitumbua. Kwetu hatukosi maji. Kaskazini mwa mji wa Tanga, upande wa Amboni, kuna chemchemi za moto za kiberiti ambazo watu huziogea kwa maradhi ya ngozi, na nilipokuwa mdogo mama alinipeleka mwenyewe kwa ajili ya upele. Tulikwenda asubuhi, tukarudi kabla ya adhuhuri, kwa sababu ilimpasa kuloweka mchele wa kesho. Ukitazama kwa jicho la kazi yangu, maji ya Amboni yana nguvu ya asili kuliko ya Poděbrady. Yanatoka yenyewe, ya moto, bila mtu kuyachimbia. Asichokuwa nacho mama ni daktari wa kuandika, bima ya kulipa, na mtu wa kumshikia karai wiki tatu.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa dereva wa lori kutoka Ostrava, aliyepasuliwa kifua miezi michache kabla. Mezani tulikaa na mwalimu mstaafu na mwanamke wa Kiukreni aliyekimbia vita na binti yake mwaka 2022, mwaka ambao wageni wa Kirusi nao waliacha kuonekana. Yeye alifanya kazi ya usafi kwenye nyumba yetu, na mwishoni mwa zamu alikuwa akija kunywa chai nasi. Jioni moja dereva alikuwa amekasirika. Mke wake ana maumivu ya nyonga, daktari amempa namna ile ya pili, na bei ya chumba na chakula wameitazama wakaiona haiwezekani.

"Wangemlipia na kitanda," alisema mwalimu, "kila mtu angekuja kupumzika hapa."

"Waje," nikasema. Nikawaeleza habari za mfumaji wa Náchod na mume wake wa mayai ya kukaanga, na habari za karai la Ngamiani. Nilisema kitanda na chakula ndiyo nusu ya tiba, na kumwambia mgonjwa maskini kwamba bafu ni bure ila kulala alipe ni kumfungia mlango. Mwalimu hakukubali, yeye alilipa bima miaka mingi, na anataka kujua fedha zinakwenda wapi. Tulibishana mpaka taa za ukumbi zikapunguzwa. Asubuhi dereva aliniletea fomu ya mke wake nimsaidie kuipitia, kwa kuwa miwani yake aliisahau Ostrava, na mwalimu akavuta kiti akatuonyesha ni kisanduku kipi daktari alipaswa kukitia alama.